Likizo ya chekechea: Anga ifundishwe kwa kivuli na tochi, si kwa kukariri

Na Mwandishi Wetu

KILA shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, wazazi wengi wa mijini hukabiliwa na swali lilelile: mtoto wa miaka mitatu hadi sita afanye nini kutwa nzima? Baadhi humwacha mbele ya televisheni, wengine humpeleka twisheni, na wapo wanaotafuta kambi za likizo zenye michezo na mafunzo mepesi.

Nchini Marekani, ambako kambi za namna hiyo ni desturi ya siku nyingi, anga ni miongoni mwa mada zinazopendwa. Kambi mashuhuri ya mafunzo ya anga iliyopo Huntsville, katika jimbo la Alabama, ilianzishwa mwaka 1982 kwa ajili ya watoto wakubwa na vijana. Vituo vya watoto wadogo navyo huwa na wiki yao ya anga, yenye roketi za maboksi, kofia za wanaanga na sayari za karatasi zinazoning'inizwa darini.

Mambo hayo yanapendeza, na watoto huyafurahia. Hata hivyo, mtoto anaweza kuvaa kofia ya mwanaanga wiki nzima na kukariri majina ya sayari zote nane, lakini asijue kwa nini usiku huingia. Mtoto wa umri huu hujifunza kwa kuona, kushika na kuuliza, na mzazi anayetaka kumfungulia mlango wa anga hana budi kuanzia hapo.

Kukariri hakutoshi

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza tangu miaka ya 1920 kwamba watoto wadogo huvipa uhai vitu visivyo hai. Kwao jua linakwenda kulala kama watu, na mwezi unawafuata wanapotembea.

Mwaka 1992, wataalamu Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wa shule za msingi nchini Marekani. Watoto wengi waliweza kutamka kuwa Dunia ni mviringo. Walipohojiwa zaidi, ilibainika kuwa baadhi yao walifikiria sahani bapa, na wengine mpira ulio wazi ndani, ambamo watu huishi juu ya sakafu tambarare.

Maana yake ni kwamba neno lilikuwa limeingia kichwani, lakini picha iliyoandamana nalo haikuwa sahihi. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtoto wa darasa la kwanza, yule wa chekechea anahitaji zaidi kuonyeshwa kuliko kuambiwa.

Kivuli na saa ya Kiswahili

Somo la kwanza la anga halihitaji usiku wala darubini. Mtoto asimame uani asubuhi, saa mbili hivi, na mtu mzima achore kwa chaki mahali nyayo zake zilipo na mstari wa kivuli chake. Zoezi lirudiwe saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi, mtoto akisimama palepale.

Atajionea kwamba kivuli kilichokuwa kirefu asubuhi kimefupika mchana, kisha kikarefuka tena upande mwingine. Hapo ndipo pa kumuuliza: nani amehama, wewe au jua?

Lugha yetu humsaidia mtoto katika jambo hili. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu kunapokucha, hivyo saa moja ni takriban saa nzima baada ya jua kuchomoza, na saa sita ni katikati ya mchana. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kivuli huwa kifupi kabisa dakika 20 hivi baada ya saa sita.

Aidha, mzazi atakayerudia zoezi hilo katika likizo zote mbili atagundua jambo ambalo hata watu wazima wengi hawajalitambua. Mwezi Juni, jua la mchana huwa upande wa kaskazini mwa Dar es Salaam, na kivuli cha mtoto mwenye kimo cha mita moja huangukia kusini kwa urefu wa karibu sentimita 60. Mwezi Desemba jua huwa limehamia kusini, na kivuli chake huangukia kaskazini, kikiwa na sentimita 30 tu.

Jambo moja lisisahauliwe: mtoto atazame kivuli, asilitazame jua lenyewe. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haina hisia ya maumivu, kwa hiyo inaweza kuungua bila mtoto kulalamika. Miwani ya kawaida ya jua haimkingi.

Usiku ndani ya chumba

Baada ya kivuli, zamu ni ya tochi. Chumba kitiwe giza, tochi iwekwe mezani iwe jua, na mtoto awe Dunia. Ajizungushe polepole kuelekea mkono wake wa kushoto. Mwanga ukimpiga usoni ni mchana. Akiupa mgongo ni usiku. Jua halikwenda kulala, bali yeye ndiye aliyegeuka.

Zoezi hili lisizidi dakika 15 au 20, kwani mtoto mdogo huchoka upesi. Ni afadhali lirudiwe kesho kuliko kulirefusha leo.

Mwezi ulalao kama mashua

Mwezi ndio rafiki wa kweli wa mtoto wa mjini, kwa sababu taa za barabarani haziwezi kuuficha. Njia bora ni kuanza siku mwezi unapoandama. Kila jioni, saa moja na nusu hivi, mtoto auchore kama anavyouona. Katika muda wa majuma mawili atauona ukinenepa na kusogea kutoka magharibi kuelekea mashariki, hadi ule mpevu unaochomoza wakati jua linazama.

Michoro hiyo inaweza kuzua ubishi mzuri. Vitabu vingi vya watoto vinavyotoka Ulaya na Marekani huonyesha mwezi mchanga ukiwa umesimama wima. Katika nchi zetu, zilizo karibu na ikweta, jua huzama likishuka karibu wima, na upande wa mwezi unaomulikwa huelekea chini. Kwa hiyo mara nyingi mwezi wetu hulala kama mashua. Mtoto aliyechora mashua asiambiwe amekosea, ameona sawasawa.

Vitabu hukosesha pia katika umbali. Ikiwa Dunia ni mpira wa miguu, Mwezi ni kama mpira wa tenisi. Mwambie mtoto auweke ule mdogo mahali anapodhani panafaa, na huenda atauweka hatua moja tu kutoka ule mkubwa. Mahali pake hasa ni karibu mita saba, kwa sababu Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,400, sawa na Dunia 30 zilizopangwa mstari.

Ili kueleza mashimo ya Mwezini, beseni la mchanga lililonyunyiziwa majivu juu linatosha. Mtoto adondoshe kokoto kutoka juu na kutazama shimo linavyotokea. Tanzania ina ushahidi wake wa mawe yaangukayo kutoka angani: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16.

Puto badala ya roketi

Watoto wakitaka roketi, puto litatosha. Puto lililojazwa hewa hubandikwa kwenye mrija uliopitishwa uzi, na uzi hufungwa kati ya viti viwili. Likiachiwa, hewa hutoka nyuma na puto hukimbia mbele. Roketi halisi nayo husukumwa kwa kanuni hiyohiyo.

Hata pwani yetu ina historia yake. Kutoka jukwaa la San Marco, lililowekwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, Kenya, roketi zilirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Vipande vya puto lililopasuka na gololi vinaweza kumkaba mtoto koo. Mtu mzima asiondoke wakati wa mchezo huu, na vipande viokotwe mara moja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi anayekusudia kulipia kambi ya likizo ana haki ya kuuliza mambo matatu. Kwanza, je, watoto watatoka nje kutazama, au watakaa ndani wakipaka rangi michoro iliyokwisha kuchorwa? Pili, ni nani atakayesimamia usalama wao, hasa wa macho na koo? Tatu, mtoto atapewa nafasi ya kusema anavyofikiri kabla ya kuambiwa jibu?

Majibu yakiwa ya kuridhisha, fedha hizo zitakuwa zimetumika vyema. Yasiporidhisha, mzazi bado ana chaki, tochi, beseni la mchanga na mwezi unaoandama, na mtoto wake hatakuwa amekosa kitu.