Kinga ya Mwili wa Samaki: Jinsi Chembe Zitambuavyo Kitu Kigeni

Samaki hatengani na maadui zake hata kwa dakika moja. Maji yale yale yampayo hewa na chakula ndiyo yabebayo bakteria na virusi, navyo humgusa ngozi, mashavu na matumbo usiku na mchana. Hata hivyo samaki wengi huishi wakiwa wazima. Je, mwili wa samaki humtambuaje adui, na humkabili vipi?

Yafaa kwanza kufafanua maneno mawili. Antijeni ni kitu, aghalabu protini au sukari iliyoko juu ya kijidudu, ambacho chembe za kinga huweza kukitambua na kukijibu. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ishike antijeni fulani wala si nyingine.

Kwa binadamu, chembe za damu huzaliwa katika uboho wa mifupa, na antijeni nyingi hukabiliwa katika tezi za limfu. Samaki wenye mifupa hawana tezi hizo, wala mifupa yao haina uboho uzalishao damu. Kazi hiyo imekabidhiwa figo. Sehemu ya figo iliyo karibu na kichwa ndiyo izaayo chembe za damu na za kinga. Wengu nao huchuja damu na kunasa vitu vigeni, hali tezi ya thaimasi, iliyo karibu na mashavu, hukuza chembe ziitwazo T.

Adui apenyaye ute na ngozi hukutana kwanza na chembe zimezazo. Hizi hazimtambui mmoja mmoja. Hutambua alama za jumla, kama zile za ganda la bakteria. Humeza kijidudu, hukikatakata, kisha huvionyesha vipande vyake nje, vikiwa vimeshikwa na protini maalumu. Hapo ndipo zamu ya chembe T ifikapo. Kila moja ina kipokezi chake, na ile tu ambayo kipokezi chake kinaafikiana na kipande hicho ndiyo iamkayo na kuongezeka. Chembe B, kwa upande wake, huishika antijeni yenyewe kabla haijakatwa. Zikisaidiwa na chembe T, huzaa chembe zitoazo kingamwili kwa wingi. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ingawa kinga ya methali hiyo ni kijinga cha moto, maana yake yachukuana na jambo hili: chembe ya aina moja peke yake haitoshi.

Yako mambo ambayo samaki huyafanya kwa namna yake. Mwaka 2005 iligunduliwa aina ya kingamwili iliyo ya samaki tu, na mwaka 2010 ikadhihirika kwamba, katika trauti, kazi yake kubwa ni kulinda matumbo. Mwaka 2006 ilionekana kwamba chembe B za trauti, samaki aishiye pia katika mito ya baridi ya Mlima Kenya, huweza kumeza bakteria zenyewe.

Jambo kubwa zaidi ni joto. Damu ya samaki hufuata joto la maji, na katika maji baridi chembe T hukawia kuamka. Kingamwili huweza kuchukua majuma mengi kutokea. Kwa sababu hiyo wafugaji wachanjao samaki huzidisha idadi ya siku kwa nyuzi za joto: siku 50 katika maji ya nyuzi 8 huhesabiwa sawa na siku 40 katika maji ya nyuzi 10. Atakayewapeleka samaki wake baharini kabla ya muda huo kutimia huenda akakuta kinga yao haijakamilika.

Manufaa ya elimu hii yalidhihirika nchini Norway. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni huko walitumia karibu tani 50 za dawa za kuua bakteria. Chanjo bora zilipoenea katika miaka ya mwanzo ya 1990, matumizi hayo yalishuka mno, ilhali samaki wafugwao walizidi kuongezeka. Figo na wengu wa samaki, vitu ambavyo mpishi huvitupa pamoja na matumbo, ndivyo vilivyoifanya kazi hiyo.