Kuhesabiwa Kariakoo: Noeli ya Sista Aliye Mbali na Kwao

Desemba ikishaingia, Kariakoo hapapitiki. Kuanzia viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Kongo watu wanapigana vikumbo wakitafuta magauni ya watoto, viatu, vitenge na zawadi za kupeleka nyumbani. Wasukuma mikokoteni wanapaza sauti kuomba njia, mafundi cherehani wanakesha, na mizigo ya mikoani inafungwa barazani tangu alfajiri. Katikati ya pilikapilika hizo hupita sista, shela kichwani na kikapu mkononi, akitafuta mishumaa minne: mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi. Pengine kwao ni Uganda, India, Poland au Kongo. Wengi waliomzunguka wananunua ili waondoke. Yeye ananunua ili abaki.

Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua safari ya Desemba. Wachaga ndio wanaotaniwa zaidi, kwamba wanakwenda Kilimanjaro kuhesabiwa, lakini siku hizi msafara huo ni wa makabila mengi. Mabasi hujaa, nyumba za kupanga hubaki na kufuli mlangoni, na mitaa iliyokuwa na foleni hupumua. Utani huo unagusa kiini cha Noeli yenyewe, kwa kuwa Injili ya Luka inasimulia kwamba Yosefu alitoka Nazareti na Maria mjamzito kwenda Bethlehemu kwa sababu ya kuhesabiwa. Mtoto Yesu alizaliwa ugenini, kati ya watu waliokuwa safarini.

Sista hana safari hiyo. Ameweka nadhiri za useja, ufukara na utii, na utii ndio unaomweka alipo. Atakwenda likizo zamu yake ikifika, nayo haifiki kila mwaka, tena mara chache inaangukia Desemba. Ndiyo maana naamini kwamba desturi za Majilio, yaani majuma ya kungojea Noeli, na za Noeli yenyewe zinazotunzwa na watawa wa kigeni katika jiji letu ni hazina kwa watu wengi zaidi ya watawa wenyewe. Zinamfundisha kila aliyekosa nauli, ruhusa au jamaa wa kumwendea namna ya kuadhimisha sikukuu pale alipo.

Ugeni huu una historia ndefu. Wamisionari Wabenediktini wa kwanza, wakiwemo masista wanne, waliondoka Ujerumani Novemba 1887 na kufika Dar es Salaam Januari 1888, kwa hiyo Noeli ya mwaka ule iliwakuta hawajafika walikotumwa. Walijenga misheni Pugu na kupokea watu waliokombolewa utumwani. Noeli ya 1888 waliiadhimisha Pwani ikiwa imekwisha kuwaka moto, watu wakipinga kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuwatawala. Tarehe 13 Januari 1889, wiki moja tu baada ya sherehe ya Epifania, wapiganaji wa Abushiri, aliyeongoza upinzani huo, waliivamia misheni. Sista Martha Wansing aliuawa pamoja na mabruda wawili, na wengine walitekwa. Leo Pugu ni mahali pa hija. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi pamoja na Masista wa Baldegg. Kila kundi lilileta namna yake ya kungojea Noeli, na kila kundi lilikuta joto la Desemba, mvua za vuli na maembe.

Shada la Majilio ni mfano mzuri. Desturi hiyo ilianzishwa Hamburg mwaka 1839 na Johann Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyelea watoto maskini, na baadaye Wakatoliki wakaipokea. Ulaya hulisuka kwa matawi ya misonobari. Huku kwetu matawi ya mvinje yanatosha, na nje mkrismasi unachanua maua mekundu bila kuhitaji taa. Kila Jumapili mshumaa mmoja zaidi huwashwa. Padre huvaa zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili hizo. Jumapili ya tatu ni ya furaha, ndipo mshumaa wa waridi unapopata zamu yake. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 Desemba sala zinamwelekea Mtoto anayekaribia kuzaliwa.

Kwa anayeishi karibu na Kariakoo, kungojea huku kunataka moyo. Masista huamka gizani kwa Masifu ya Asubuhi, na mara nyingi zaburi zao hukutana hewani na adhana ya alfajiri. Mchana spika za maduka hutangaza bei bila kupumzika. Tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, huangukia ndani ya Majilio kila mwaka. Biashara inasema nunua leo, Majilio yanasema subiri. Sista anayekatiza Mnazi Mmoja akiwa na rozari yake halaumu soko, kwa kuwa anajua mama anayeuza nguo za watoto anatafuta ada ya Januari. Anachofanya ni kushika kimya chake, na wanaomfahamu wanakuja kukiazima.

Anayempokea mgeni huyu ni jumuiya. Tangu maaskofu wa AMECEA, shirikisho la maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele mwaka 1976, Mkatoliki wa mjini ana watu wa kumuuliza alikuwa wapi asipoonekana. Wakati wa Majilio wanajumuiya hukutana kwa zamu nyumba kwa nyumba, husoma Neno, huwatembelea wagonjwa na kuchangia wahitaji. Sista akibisha hodi na kusema, “Tumsifu Yesu Kristo,” nyumba nzima hujibu, “Milele, amina,” na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba. Kiswahili chake kikipinda, bibi mmoja atamnyoosha taratibu. Huko ndiko kuhesabiwa kwake.

Naye haji mikono mitupu. Sista wa Kerala hutundika nyota kubwa ya karatasi yenye taa ndani, kama wafanyavyo kwao. Masista wa Poland, katika chakula cha mkesha, huandaa sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Wamisionari wa Upendo, wale wa sari nyeupe yenye mistari ya buluu, ambao Mama Teresa aliwaleta nchini kupitia Tabora mwaka 1968, hutumia sikukuu pamoja na wazee na watoto wasio na wa kuwatembelea. Na pango la Noeli, lililoenea kutokana na lile la Mtakatifu Fransisko huko Greccio mwaka 1223, hapa kwetu linapata nyasi za ukoka, na mara nyingine vinyago vya mpingo.

Usiku wa mkesha waumini huelekea Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902 likitazama bandari, na maparokia mengine. Kwaya iliyofanya mazoezi majuma mengi hurudisha Utukufu kwa ngoma, kayamba na vigelegele. Asubuhi yake ni pilau na soda. Sahani zilizofunikwa kwa kawa huvuka kwenda kwa majirani Waislamu, kama zilivyovuka kuja kwa Wakristo siku ya Idi. Mtawa aliyezoea Noeli ya baridi na madirisha yaliyofungwa hukuta hapa milango iko wazi.

Upweke upo, na si haki kuuficha. Jioni ya tarehe 25, simu ya nyumbani ikikatika, machozi huja. Masista wetu Watanzania wanaotumikia Italia na Ujerumani wanayajua machozi hayo hayo, na huko baridi ni kali na Kiswahili hakuna. Tunavyowatendea wageni wetu hapa ndivyo tungependa mabinti wetu watendewe huko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisafiri Desemba hii, safiri salama na uwasalimie wazee. Ukibaki mjini, usijifungie. Itafute jumuiya yako, pita kwenye nyumba ya masista iliyo karibu, uliza nani hana pa kwenda, na weka sahani moja ya ziada mezani. Aliye mbali na kwao ahesabiwe kwako.