Jani jeusi kwa kona yenye kivuli

Kila ua lina kona inayomshinda mwenye nyumba: chini ya mwembe au nyuma ya ukuta, pale ukoka unapokauka na maua kudumaa. Kona hiyo inafaa kwa Raven, aina nyeusi ya mmea ambao wauza miche wengi huuita ZZ.

Raven asili yake ni Korea Kusini, lakini ukoo wake ni wa kwetu. ZZ, ambayo jina lake la kisayansi ni Zamioculcas zamiifolia, huota porini kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996, ukageuka pambo la ofisi na sebule duniani kote. Kwetu, hasa ukanda wa joto, hakuna sababu ya kuufungia ndani.

Uzuri wa Raven huonekana unapochipua. Chipukizi hutoka likiwa na kijani cha ndimu, kisha polepole hukolea hadi weusi wenye dalili ya zambarau. Kwa wiki kadhaa shina moja husimama kijani katikati ya wenzake weusi, majani yote yaking'aa.

Siri ya maisha yake iko chini ya udongo. Mashina yake manene yanayofanana na viazi huhifadhi maji, ndiyo maana huvumilia kiangazi. Kwa hiyo kinachouua zaidi ni maji kupita kiasi. Changanya udongo na mchanga mwingi au kokoto ndogo, weka mboji kidogo, na upande mahali pasipotuama maji ya mvua. Mwagilia tu udongo ukikauka kabisa. Jua kali la mchana huunguza majani. Mwanga wa asubuhi unatosha.

Kuuzalisha kunataka subira. Jani dogo likichomekwa mchangani hutengeneza kwanza kiazi chake, na huchukua miezi kabla ya kuchipua. Njia ya haraka ni kugawa shina la chini la mmea uliokomaa.

Vaa glavu unapokata, kwa kuwa utomvu wake huwasha, na uupande mbali na watoto wadogo na mifugo, kwani haufai kutafunwa.

Nunua mche kwenye kitalu, usiende kung'oa ZZ ya porini msituni. Misitu ya pwani imeshapungua vya kutosha, na mmea huu unastahili kubaki pia kule ulikozaliwa.