Malakiti: Jiwe la Kijani la Katanga

Malakiti ni jiwe la kijani lenye mistari ya duara, ambalo mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hulichonga kuwa shanga, pete na vidani. Nalo ni madini ya shaba, yaliyojengeka tabaka kwa tabaka karibu na uso wa ardhi. Kila mstari ni tabaka moja.

Zamani jiwe hili halikuwa pambo tu. Wafua shaba wa Katanga waliliyeyusha tanuruni kwa makaa na mivukuto, wakapata shaba ya bangili na ya misalaba midogo. Vitu vya namna hiyo vilifukuliwa makaburini huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957. Mahali pa kuchimba palijulikana kwa mimea: penye shaba nyingi miti haistawi, bali huota Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba, kwa neno la Kiswahili, tangu 1971 hadi 1997.

Malakiti ni laini. Kisu cha chuma hulikwaruza. Kwa hiyo fundi hulikata na kulisugua taratibu, akilimwagia maji. Maji hayo hulinda pia mapafu, kwani vumbi la malakiti lina madhara kwa anayelivuta. Mvaaji naye aliepushe na ndimu na siki, ambazo hulifubaza. Hivyo uzuri wa kidani hudai uangalifu wa mikono miwili: ule wa mchongaji na ule wa mvaaji.