Fidia hulipa nyumba, haiulizi umri

Chukua mtu aliyezaliwa mwaka 1964 katika kijiji chochote cha Kahama au Shinyanga Vijijini. Alipokuwa na miaka 10, Operesheni Vijiji ilimkuta nyumbani kwao. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Shinyanga. Kaya za Kisukuma zilizozoea kukaa mbalimbali, kila moja na uzio wake wa minyaa na shamba lake mlangoni, zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Mtu huyo alipofikisha miaka 32, kama alikuwa mmoja wa maelfu ya wachimbaji wadogo waliofurika Bulyanhulu, aliambiwa tena afungashe. Ilikuwa Agosti 1996, serikali ilipoamuru eneo liachwe wazi kwa ajili ya mgodi mkubwa. Leo amevuka 60, na kama makazi yake yamepakana na leseni ya mgodi mwingine, bado hana uhakika kwamba atazikwa pale alipojenga.

Kizazi hicho kimehamishwa kikiwa utotoni, kikiwa na nguvu, na sasa kikiwa na fimbo mkononi. Wakiulizwa ni mara ipi iliyouma zaidi, jibu la mtu mmoja halitafanana na la mwenzake, kwa sababu nyumba ikibomolewa kila aliyemo hupoteza kitu tofauti. Sheria zetu hazijaliona hilo.

Mtazame mthamini anavyofanya kazi. Anafika na wasaidizi wake, futi kamba, kamera na karatasi. Anapima kuta, anaandika paa ni la bati au la nyasi, anahesabu miembe na mipapai, anatazama choo, anauliza makaburi yako mangapi. Mwenye nyumba anasimamishwa mbele ya mlango wake ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha. Kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria za Ardhi za 1999, zinataja anachostahili: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, pango la miezi 36, faida aliyoikosa, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilometa 20. Ni kanuni nzuri kuliko zilizotangulia, na wananchi wengi wamezitumia kudai haki yao. Lakini hakuna posho hata moja kati ya hizo inayobadilika kwa umri wa mtu. Bibi wa miaka 80 na kijana wa miaka 20 wanapakiwa kwenye tani zilezile 12.

Tuanze na mtoto mchanga, ambaye kwa kweli huhamia popote mama alipo. Kinachomdhuru ni kile kinachomlemea mama: kisima kilicho mbali, zahanati isiyojulikana iko wapi, nyumba isiyo na dirisha lenye wavu. Mama akitulia, mtoto wa mwaka mmoja hatakumbuka kwamba aliwahi kuishi kwingine.

Mwenye miaka 13 ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia watu wapatao milioni 1.4 waliozaliwa Denmark kati ya 1971 na 1997. Waliohama mara nyingi utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, walipokuwa watu wazima, wa kujaribu kujiua, kutumia dawa za kulevya, kufanya uhalifu wa kutumia nguvu au kufa mapema. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliohama wakiwa na miaka 12 hadi 14, na haikujali sana kama wazazi walikuwa na fedha au hawana. Denmark ni nchi ambayo mtoto akihama leo, shule nyingine inamsubiri.

Kwetu, umri huo ndio wa darasa la sita na la saba. Mtoto anahitaji barua ya uhamisho, na kama ni wa darasa la saba tayari ameshasajiliwa kwa mtihani wa Septemba katika shule anayoiacha. Ukanda wa dhahabu unamwekea pia njia ya mkato. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Geita na kwingineko nchini: walikuwa wakishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakibeba mawe, wakikamata dhahabu kwa zebaki mikononi. Mvulana aliyepoteza shule, marafiki na mwalimu aliyemjua kwa jina hahitaji kushawishiwa sana. Dada yake naye anaishia kuosha vyombo kwa mama ntilie, na kutoka hapo watu wazima wenye fedha za dhahabu wanamwona. Sioni hasara inayostahili kuogopwa kuliko hiyo, na haina mstari kwenye fomu.

Kwa kijana wa miaka 22, kuhama ni mtaji. Simu inaita usiku, rafiki anasema duara limetema, na asubuhi yuko juu ya bodaboda na begi moja. Maturubai yanasimama kabla ya wiki kuisha, kisha wanafuata mama ntilie, vinyozi, wauza vocha na wenye makarasha ya kusaga mawe. Mji kama Katoro, mkoani Geita, umenenepa kwa watu wa namna hiyo. Wala si tabia ya kigeni. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wasukuma walihamia Geita na mifugo yao, wakati wakoloni walipofungua mapori yenye ndorobo ili kupunguza msongamano upande wa mashariki wa Usukuma, na baadaye wajukuu wao wakashuka hadi Rukwa na Morogoro. Waliohama kwa hiari yao walifuata ndugu waliotangulia, na waliondoka baada ya mavuno. Waliohamishwa hawakuchagua jirani wala msimu.

Msimu una uzito wake. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, lilipasuka na tope likafunika mashamba na nyumba, wakati mkulima wa Shinyanga anaangalia mawingu ili apande. Ile ilikuwa ajali. Huko Mtakuja, Geita, haikuwa ajali: watu walioondolewa mwaka 2007 kupisha mgodi waliishia kwenye mahema mjini, na baadhi yao walikuwa bado wako kwenye mahema hayo miaka kadhaa baadaye. Mtoto aliyeingia pale akiwa darasa la kwanza alikulia chini ya turubai.

Nimewaacha wazee hadi sasa kwa sababu kwao ndiko ninakoumia zaidi. Mzee hana muda wa kupanda mwembe mwingine na kuula. Makaburi yanaweza kuhamishwa, ipo sheria ya mwaka 1969 inayoruhusu, lakini ujirani hauhamishiki kwa amri. Na katika Usukuma ujirani ni ulinzi. Bibi ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka 40 kwa moshi wa kuni na samadi, majirani wa zamani wanajua ni moshi. Majirani wapya hawajui. Usukuma umezika wanawake wazee wengi waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na mtafiti Simeon Mesaki, katika tasnifu yake ya mwaka 1993, aliyahusisha mauaji hayo na msukosuko wa Operesheni Vijiji, uliowabananisha watu ambao hawakuchaguana.

Wazee hao pia ndio waliokuwa na ramani ya ardhi kichwani. Baada ya operesheni, ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, zilikaribia kutoweka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Zilirudi hadi zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 juhudi hizo zikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Zilirudi kwa sababu walikuwapo watu waliokumbuka zilivyokuwa zikitunzwa. Ukimtenga mzee huyo na ardhi yake, unalipa miembe na kutupa maarifa.

Na yote haya kwa mgodi ambao hautadumu. Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa 2021. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa alikuwa na miaka 12 ulipofungwa.

Kuna ishara njema. Kwenye njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, linalopita Geita na Shinyanga, waliopoteza nyumba ya kuishi waliruhusiwa kuchagua nyumba mpya badala ya fedha. Kwa mama, hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu fedha iliyoingia kwenye akaunti ya baba ina miguu. Tuendelee hapo. Fomu ya uthamini iwe na safu ya umri wa kila anayelala katika nyumba. Nakala yake ifike kwa ofisa elimu na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla tarehe ya kuhama haijapangwa, kaya yenye mwanafunzi wa darasa la saba isiguswe kabla ya mtihani, na wazee wachague viwanja kwanza, wakiwa pamoja na majirani wanaowataka.