Ziwa Viktoria: Bahari ya Bara na Nafasi ya Visiwa Vyake katika Fasihi ya Kiswahili

Bahari inapotajwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, aghalabu hukusudiwa Bahari ya Hindi, pamoja na pepo zake, majahazi yake na miji yake. Mazoea hayo yana misingi ya kihistoria. Hata hivyo, yameyafunika maji mengine yaliyoichangia fasihi hii pakubwa, nayo ni ya Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale.

Ziwa hili lina eneo la takribani kilomita mraba 68,800, na ndilo kubwa zaidi barani Afrika. Tanzania na Uganda zimegawana sehemu kubwa yake, ilhali Kenya ina takribani asilimia 6. Tofauti na Ziwa Tanganyika lililozama ndani ya Bonde la Ufa, ziwa hili limetandaa katika bonde pana lililo kati ya matawi mawili ya ufa huo. Ndiyo maana kina chake hakizidi sana mita 80, na nchi iliyoinuka imesalia juu ya maji ikawa visiwa: Ssese upande wa Uganda, Rusinga na Mfangano upande wa Kenya, Ukara na Ukerewe upande wa Tanzania. Mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe hulijaza kuliko mito yote, na maji hutokea Jinja kuanza safari ya Nile hadi Misri.

Umuhimu wa ziwa hili haukomei kwenye samaki na usafiri. Kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akihifadhi humo kilimo, uvuvi, tiba na ndoa za wazee wake. Mswada ulikosa mchapishaji kwa miongo mitatu. Hatimaye mwandishi mwenyewe aliutafsiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomzaa Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* (1971), inaanzia kijijini Namagondo, Ukerewe. Kwa hiyo, Kiswahili ndicho kilichokuwa chombo cha kuyavusha maisha ya kisiwa hadi kwa msomaji wa mbali.

Vyombo vingine havikufika. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikitoka Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kwa mkazi wa visiwa hivi, kuvuka maji ndiko kufika sokoni, shuleni na hospitalini. Mhakiki anayekichukulia kivuko kuwa mandhari tu katika riwaya za Ukerewe atakuwa ameisoma nusu ya kazi.