Sura ya Sita: Mtu Mzima Asiyejua Anaumwa Nini

Msiba ukitokea kijijini Handeni, hakuna mtu mzima anayebaki kwake. Turubai linafungwa, kuni zinapasuliwa, sufuria zinagongana, kilio kinapanda kila anapoingia jamaa kutoka mbali, na kila aliyekaa jamvini hupewa mkono. Wengi wetu shughuli hiyo hutusaidia kuubeba msiba. Kwa mtu mwenye usonji, sauti zote hizo huweza kumwingia kwa pamoja na kwa nguvu ileile. Moyo unamwenda mbio, tumbo linamkaza, jasho linamtoka. Ukimwuliza ana nini, anasema tumbo. Hadanganyi.

Karibu nusu ya watu wenye usonji hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Kwa watu wengine ni kama mtu 1 kati ya 20. Mwili unatoa taarifa, lakini mwenyewe hajui kama ni woga, hasira au njaa, na hisia usiyoitambua ni vigumu kuituliza. Mwanasaikolojia James Gross wa Marekani, anayechunguza jambo hili tangu miaka ya 1990, alizitofautisha njia mbili: kulitazama jambo kwa jicho jingine kabla hisia haijapanda, na kuificha ikishapanda. Ya kwanza humpunguzia mtu uchungu. Ya pili hutuliza uso tu. Tafiti zimeonyesha kuwa watu wenye usonji huegemea zaidi hii ya pili.

Na wafanyeje? Mmoja wao akiondoka msibani ataambiwa hana utu. Akiziba masikio ataambiwa ana kiburi, au kapandwa na mashetani. Basi anajikaza hadi jioni, na kesho yake hatoki chumbani, anarudiarudia kichwani kila alipotazamwa vibaya. Miaka ya kujikaza hivyo huzaa sonona. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa asilimia 37 ya watu wazima wenye usonji huipata wakati fulani maishani. Wapo wanaoichukulia sonona hiyo kuwa ndiyo tabia ya usonji wenyewe. Nawapinga kabisa: ni ugonjwa juu ya hali, nao unatibika.

Mahali pamoja pa matibabu hayo ni milimani Korogwe, iliko hospitali ya afya ya akili ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha makazi hapo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakaanza kupokewa wagonjwa wa akili, miongoni mwa mahali pa kwanza pa namna hiyo Afrika Mashariki. Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alieleza usonji mwaka 1943 tu. Kabla ya hapo, mwenye usonji aliyepandishwa mlima ule asingeweza kutambuliwa kuwa ana hali hiyo. Hata baada ya usonji kujulikana, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu usonji nchini Tanzania uliwahusu watoto 20, si watu wazima. Watoto hukua, lakini wakishakua hatuwaoni.

Lutindi kuna jambo moja linalonipa matumaini: kazi za bustani, chai na ufundi ni sehemu ya matibabu. Kazi inayojulikana, saa zilezile, mahali tulivu: mtu mwenye usonji anaweza kupumua hapo bila kulazimishwa kwanza kueleza moyo wake.

Kwa mhudumu wa zahanati, tatizo liko kwenye maswali. Dodoso la maswali 9 la kupima sonona huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita, pamoja na kujisikia huzuni. Asiyetambua huzuni yake anaweza kujibu hapana kwa unyofu. Afadhali aulizwe analala saa ngapi, anakula nini, ameacha kitu gani alichokipenda. Tuseme ni kijana aliyezoea kukaa stendi ya Korogwe akiyajua mabasi yote ya Dar es Salaam na Arusha, kampuni na saa zake. Akiacha kwenda, hiyo ni dalili nzito kuliko machozi. Aulizwe pia waziwazi kama anawaza kujiua, kwa maneno mafupi yasiyo na mafumbo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani.

Familia nayo ina la kufanya kabla ya dawa. Msibani mwenye usonji apewe kazi ya kuchota maji, aende na kurudi, na aruhusiwe kuondoka mapema bila kusutwa.